Soko la Chapakazi na Maduka ya Nyeri: Usuli wa Kihistoria

Wanafunzi wengi huchukulia kufungwa kwa Soko la Chapakazi katika tamthilia ya Kigogo kuwa tukio dogo la kuanzishia vitushi. Sivyo. Majoka anapolifunga soko, anawanyima wanasagamoyo karo ya watoto, chakula cha jioni na mahali pa kukutana na kuzungumza. Hili la mwisho ndilo linalomsumbua zaidi mtawala anayewaogopa watu wake.

Wakazi wa Nyeri, Karatina na miji mingine iliyo karibu na Mlima Kenya waliyaona haya zamani. Tarehe 26 Julai 1952 chama cha KAU kilifanya mkutano mkubwa mjini Nyeri, na Jomo Kenyatta akauhutubia umati wa maelfu. Hata miezi mitatu haikuisha: tarehe 20 Oktoba serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari na kuleta wanajeshi kutoka Uingereza. Sheria za dharura ziliruhusu adhabu ya pamoja. Kosa likitendeka na mkosaji asijulikane, mifugo ya wenyeji ilinyakuliwa na maduka na masoko yao yakafungwa. Mwenye duka aliadhibiwa sawa na jirani yake, awe alishiriki au hakushiriki. Kuanzia mwaka wa 1954 watu walihamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge, na kutoka kukawa kwa kibali.

Katika hali hiyo, kuandamana hadharani kulikuwa kujitafutia risasi. Mshikamano ukawa wa kimyakimya: chakula, dawa na habari vilipita mikononi mwa wanawake na wachuuzi hadi msituni. Tusiipambe historia, hata hivyo. Wapo wafanyabiashara waliotoa kwa hiari, na wapo waliotoa kwa kuhofia wapiganaji usiku na askari mchana.

Hofu hiyo ya mchuuzi haijaisha. Tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo jeshi liliamriwa kuwasaidia polisi, duka kubwa moja mjini Nyeri liliporwa na kuchomwa wakati wa maandamano. Ndiyo maana katika tamthilia ni muhimu kwamba Tunu na Sudi wanadai soko lifunguliwe bila kuharibu mali ya mtu. Hata hivyo, si wote walio pamoja nao. Boza anamuunga mkono Majoka.

Mfano ulio karibu zaidi na Tunu ni Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri. Mwaka wa 1989 alipinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Majoka naye anataka kujenga hoteli mahali pa soko. Mwaka wa 1992 Wangari alipigwa na polisi hadi akazirai, akiwa na akina mama waliodai wana wao waliofungwa kisiasa waachiliwe. Tunu pia anaumizwa mguu, na bado anarudi kwa watu wake. Usiandike kwamba Tunu ni Wangari, kwa kuwa tamthilia haisemi hivyo. Linganisha tu.

Ukiulizwa jinsi mshikamano unavyojitokeza, usiishie kwa wanaharakati na wachuuzi. Mtaje Kingi pia. Anapokataa amri ya kuwafyatulia risasi watu waliokusanyika sokoni, Majoka anabaki na amri isiyo na wa kuitekeleza.