Mwenye Hofu Hushindwa Mapema
Mtoto akigombezwa kwa kila kosa, mwisho hathubutu hata kujaribu. Ndivyo walivyokuwa watu wazima wa timu ya taifa ya kriketi ya Uingereza: katika mechi 17 za siku tano, walishinda moja tu.

Mei 2022 akaja mwalimu mpya, Brendon McCullum wa New Zealand, akishirikiana na kapteni Ben Stokes. Wawili hao waliwataka wachezaji wacheze bila hofu; aliyetolewa akijaribu hakulaumiwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Julai hiyo, mjini Birmingham, walihitaji mikimbio 378 kuishinda India. Joe Root na Jonny Bairstow walisimama imara na magongo yao hadi kazi ikaisha, wenzao 3 tu wakiwa wametolewa.

Lakini ushujaa si papara. Mwaka 2023, huko London, Waaustralia waliwadundishia mipira ya kifuani. Wakaipiga juu ovyo, wakadakwa, na mechi wakaipoteza.

Basi, wazazi na walimu, tumwondolee mtoto hofu, tumwachie busara. Anayeogopa fimbo hutazama fimbo, wala hautazami mpira.