Mji Uliougeuza Mto Wake

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari za Chicago, mji wa Marekani ulio kando ya Ziwa Michigan.

Mwaka 1840 wakazi wake hawakufika 5,000. Kufikia 1890 walikwishapita milioni moja! Reli ndiyo iliyowavuta. Njia za mashariki na magharibi zilikutana hapo, zikishusha ng'ombe, nguruwe, ngano na mbao. Viwanda vikafunguliwa, na watu wakafuata kazi: Wajerumani, Waairishi, Wapolandi, na Wamarekani waliotoka mashambani.

Oktoba 1871 moto mkubwa ukateketeza sehemu kubwa ya mji, watu wapatao 100,000 wakakosa makao. Walipojenga upya, viwanja vya katikati vilikuwa ghali mno, wakaamua kwenda juu. Mwaka 1885 mhandisi William Le Baron Jenney akamaliza jengo la ghorofa kumi ambalo sehemu kubwa ya uzito wake ilibebwa na nguzo na mihimili ya chuma. Ni kama nyumba ya miti na udongo: nguzo hubeba, udongo huziba.

Na nani angepanda ngazi zote hizo? Lifti zilikuwapo, ila watu walihofia kamba kukatika. Hofu hiyo alikuwa ameshaitibu fundi Elisha Otis huko New York mwaka 1854. Alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa mbele ya umati, akaamuru kamba ikatwe. Ikakatwa! Jukwaa likashuka kidogo tu, likanasa. Breki aliyoibuni ilikuwa imeshika.

Sasa tegeni masikio. Watu milioni moja hutoa maji machafu mengi. Ya Chicago yaliingia mtoni, mto ukayamwaga ziwani, na maji ya kunywa yalichotwa ziwa hilohilo. Homa ya matumbo ikaua wengi. Ndipo mwaka 1892 wakaanza kuchimba mfereji wa kilomita 45, wakipasua hata miamba. Januari 1900 maji yakafunguliwa, mto ukageuka, ukaanza kutoka ziwani badala ya kuingia. Ziwa likapata nafuu, lakini watu wa miji ya chini wakalalamika, na walikuwa na haki, maana uchafu ulielekezwa kwao.

Mitaani nako taka zilirundikana milangoni mwa maskini. Jane Addams, ambaye mwaka 1889 alianzisha pamoja na mwenzake Hull House, nyumba ya kuwasaidia wahamiaji, aliteuliwa mwaka 1895 kuwa mkaguzi wa taka wa mtaa wake. Alidamka alfajiri akiyafuata magari ya farasi ya kuzoa taka, ahakikishe wazoaji hawaruki kichochoro.

Wanangu, ghorofa hazitoshi kuupima mji. Ulizeni maji yake machafu yanakwenda wapi, nani anaishi huko yanakokwenda, na taka za maskini zinazolewa na nani. Siku mtakapokabidhiwa mji kuuongoza, anzieni hapo.