Mshahara wa Rubani Mpya na Usalama wa Abiria

Abiria wengi wa Tunduma na Vwawa wanaokwenda Dar es Salaam kwa ndege hupandia Kiwanja cha Ndege cha Songwe, ambacho licha ya jina lake kimo katika Mkoa wa Mbeya. Ndege yao huongozwa na marubani wawili: rubani mkuu na rubani msaidizi. Huyu wa pili ndiye mwenye kipato kidogo zaidi, na mara nyingi ndiye mgeni kazini. Je, mshahara wake mdogo unamhatarisha abiria?

Mshahara haupimi ujuzi. Ujuzi huthibitishwa na leseni, ambayo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) huitoa baada ya mitihani, majaribio ya urushaji na vipimo vya afya. Mshahara, hata hivyo, hugusa usingizi. Mafunzo ya urubani ni ghali. Kijana anayeanza kazi akiwa na deni huweza kutafuta kibarua cha pili, au kuishi mbali na kituo chake cha kazi ili kupunguza gharama.

Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, na watu 50 wakafariki. Rubani msaidizi, ambaye mshahara wake ulitajwa kuwa takriban dola 16,000 kwa mwaka, alikuwa amesafiri usiku kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, ili afike kazini. Wachunguzi walibaini kuwa chanzo kilikuwa rubani mkuu kuitikia isivyo sahihi onyo la ndege kupoteza uwezo wa kubaki hewani. Waliongeza kuwa huenda uchovu ulidhoofisha utendaji wa marubani wote wawili. Baada ya ajali hiyo, Marekani ilikaza masharti ya mapumziko na uzoefu wa marubani.

Nchini kwetu pia saa za kazi za marubani zina ukomo. Kwa hiyo, tunakushauri:

1. Safari ikicheleweshwa kwa sababu marubani wamefikisha ukomo wao, usishinikize ndege iondoke. Katazo hilo linakulinda wewe.

2. Dai kupewa taarifa ya sababu ya kuchelewa na muda mpya wa kuondoka.

3. Tunza tiketi yako. Wasilisha lalamiko kwa shirika la ndege kwa maandishi. Usiporidhika, lifikishe TCAA.