Goti Limevimba, Tena Kuna Vipele

Wakati wa mavuno malori mengi huja Kibaigwa. Yanafuata mahindi kwenye soko kubwa la nafaka, kando ya barabara ya Dodoma na Morogoro. Makuli hubeba magunia tangu asubuhi. Jioni kuna fedha, kuna pombe, kuna wageni.

Ndugu msomaji, tuseme wewe ni kuli. Baada ya siku kadhaa goti lako linavimba. Linauma na lina joto. Juzi kifundo cha mkono ndicho kilichouma. Una homa. Unasema, "Ni magunia haya." Jirani anasema ni baridi yabisi. Huenda ni kweli. Lakini tazama ngozi yako. Je, mikononi au miguuni una vipele vichache vyenye usaha? Basi usikae nyumbani ukikanda goti kwa maji ya moto. Huenda ni kisonono.

Usishangae. Wengi tunajua kisonono ni kutoka usaha na kuumwa wakati wa kukojoa. Lakini kijidudu chake, alichokigundua daktari Mjerumani Albert Neisser mwaka 1879, kinaweza kuingia katika damu. Damu hukipeleka kwenye viungo na kwenye ngozi. Haitokei mara nyingi. Ikitokea, mara nyingi mgonjwa haoni dalili yoyote sehemu za siri, hasa mwanamke. Mama anaweza kuvimba goti, naye hajatoka nje ya ndoa yake. Asilaumiwe.

Goti likijaa usaha linaweza kuharibika kwa siku chache tu. Nenda kituo cha afya mapema. Mweleze mganga habari za goti na vipele, na kama ulilala na mtu bila kondomu. Ni aibu, ndiyo. Lakini mganga hawezi kukisia. Atapima pia kaswende na virusi vya UKIMWI. Anaweza kukupeleka hospitali ya wilaya, Kongwa, maana ugonjwa huu hutaka sindano za siku kadhaa.

Usinunue vidonge ovyo dukani. Zamani penisilini iliponya kisonono. Siku hizi vijidudu vingi vimeizoea.

Mwenzako naye atibiwe, hata kama haumwi. Ukitibiwa peke yako utaambukizwa tena nyumbani. Kama ana mimba, fanyeni haraka zaidi. Mtoto anaweza kuambukizwa macho wakati wa kuzaliwa, akapofuka. Msilale pamoja mpaka mganga awaambie mmepona.