Mzee Akiinama, Usimwachie Kiti Tu

Wengi wetu hapa Laurel tunaishi na wazazi. Mzee akianza kuinama, kuburuta miguu na kutetemeka mkono, tunasema ni uzee. Huenda ni ugonjwa wa Parkinson. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, uliwapata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini.

Dawa husaidia, lakini mgongo na miguu vinahitaji mazoezi. Mwombeni daktari awapeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Nyumbani, dawa ikiwa imeshika, mwambie mzee:

1. Asimame mgongo ukutani, visigino na mabega viguse ukuta.
2. Ainuke kitini na kuketi tena mara kadhaa, wewe ukiwa karibu.
3. Atembee kwa hatua ndefu mkihesabu kwa sauti. Njia ya kando ya ziwa pale Granville Gude Park inafaa.

Miguu ikiganda mlangoni, usimvute, ataanguka. Atulie, aegemee mguu mmoja kisha mwingine, ndipo apige hatua kubwa.

Kumfanyia mzee kila kitu ni heshima, lakini kunamkalisha. Mpe mkono, ainuke mwenyewe.