Nani Hurekebisha Programu Zinazobeba Pesa Zako?

Umenunua viazi karai pale Bondeni, umeingiza namba ya till, ukaweka kiasi, ukabonyeza PIN, na kabla ukwaju haujamwagwa kwenye sahani ujumbe umeshaingia kwa muuzaji. Ni sekunde chache tu. Kazi yote hiyo inafanywa na programu, na programu huandikwa kwa lugha zake maalumu: Java, Python, PHP na nyingine nyingi ambazo huna haja ya kuzijua kwa majina.

Swali ambalo wateja hutuuliza mara kwa mara ni hili: lugha hizo zenyewe zikiwa na kasoro, nani atajua? Na akijua, nani atarekebisha? Mimi nimesomea masoko, si kompyuta, kwa hivyo nimekwenda kuwauliza mafundi wetu na nimesoma mwenyewe. Nilichokuta kimenishangaza, kwa sababu kazi yenyewe inafanana zaidi na baraza la Mji wa Kale kuliko ofisi yenye milango ya vioo.

Lugha nyingi za programu ni huria. Python ilianzishwa na Guido van Rossum, Mholanzi, akaitoa kwa umma mwaka 1991. PHP ilianzishwa na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, ikatoka mwaka 1995. Lakini hazikubaki mali yao. Maandishi yote yanayounda lugha hizo yako wazi kwenye intaneti. Yeyote anaweza kuyasoma, kuuliza kwa nini mstari fulani uko vile ulivyo, kuripoti hitilafu, hata kuleta marekebisho aliyoyaandika mwenyewe. Kisha yanaanza mabishano. Kama barazani, kila apitaye anaweza kuketi na kusema lake, lakini si kila mtu ana ufunguo wa nyumba. Kuna wachache walioaminiwa kuingiza mabadiliko, nao pia husomwa na wengine.

Sisi huku si watazamaji tu. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, iliundwa na Wakenya na wenzao Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Iliandikwa kwa PHP, na maandishi yake yakawekwa huria. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Na Novemba 2023, watumiaji wa Django, zana inayojengwa juu ya Python, walikutana Zanzibar kwa mkutano wao wa kwanza wa Afrika.

Ng'ombe na ritifaa yake

Tuanze na hitilafu ambayo mtu wa Kenya anaielewa upesi kuliko Mzungu. Andika neno ng'ombe. Katikati kuna kialama kidogo, ritifaa. Sasa fikiria majina ya watu: Ng'ang'a, Ng'eno, Nyong'o. Fikiria pia duka linaloitwa kwa neno ng'ambo. Pengine umewahi kuona jina kama hilo kwenye risiti au fomu likiwa limeharibika, limeingiliwa na mkwaju uliolala kinyumenyume: Ng\'ang\'a. Huenda ulidhani karani alikosea kuandika.

Kumbe ina historia yake. Sehemu ya kompyuta inayohifadhi majina na salio hupokea maagizo yake kwa maandishi, na kwa kawaida katika maagizo hayo ritifaa ndiyo alama ya kusema "jina limeishia hapa". Ukimwandikia Ng'ang'a bila tahadhari, mashine inaona jina ni "Ng" na inachukulia yanayofuata kuwa ni amri. Kwa mtu mwema hapo programu inakwama tu. Mwizi je? Yeye anaweka ritifaa makusudi, kisha baada yake anaandika amri ya kweli: nionyeshe wateja wote, au badilisha hili. Ni njia ya wizi ya zamani na bado watu wanaibiwa kwayo.

Waundaji wa PHP walitaka kuwakinga wanafunzi wasioijua hatari hiyo. Wakaweka mtambo wa kujitendea wenyewe: kila maandishi yanayotoka kwa mtumiaji yakiwa na ritifaa, PHP inayapachika mkwaju mbele ya ritifaa hiyo ili mashine isidhani jina limeisha. Nia njema kabisa. Ila mkwaju ulipachikwa kila mahali, hata pale ambapo jina halikuwa linakwenda kuhifadhiwa bali kuchapishwa tu kwenye barua au risiti. Na mwandishi mwangalifu aliyeweka kinga yake mwenyewe alijikuta na mikwaju juu ya mikwaju. Vibaya zaidi, seva nyingine zilikuwa zimewasha mtambo huo na nyingine zimeuzima. Programu ikihamishwa kutoka ya kwanza kwenda ya pili, mwenye nayo anaamini ana kinga ilhali mlango uko wazi.

Novemba 2005 wakuu wa PHP walikutana Paris wakakubaliana mtambo ule uondolewe. Basi ukaondolewa? La. Mwaka 2009 ulitangazwa kuwa usitumike tena, na ni Machi 2012, katika toleo la 5.4, ndipo ulipotoka kabisa. Zaidi ya miaka sita tangu wakubaliane! Mimi niliposoma hivyo nilidhani ni uzembe. Mafundi wetu hawakubaliani nami. Wanasema programu nyingi sana duniani zilikuwa zimejengwa zikiegemea ukuta ule mbovu. Ukiubomoa ghafla, nyumba za watu zinaanguka nao. Kwa hivyo kwanza unawaonya, unawapa muda wa kujenga ukuta mwingine, halafu ndipo unaleta nyundo. Nimewaelewa, ingawa miaka sita bado naiona mingi.

Kwako wewe, funzo la vitendo ni dogo lakini lina uzito: jina lako kwenye akaunti lifanane na kitambulisho, ritifaa na yote. Ukiona limevurugwa, tuambie kabla hujalihitaji, si siku ambayo laini imepotea na unahitaji kuthibitisha kuwa wewe ni wewe.

Senti zinazoteleza

Kuna lalamiko ambalo waundaji wa lugha za programu wamelisikia hadi wamechoka. Mtu mgeni anaiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2. Inamjibu 0.30000000000000004. Anakimbia kuripoti: lugha yenu haijui hesabu!

Jibu analopewa ni kwamba si hitilafu. Kompyuta huhesabu kwa kugawa mbili mbili. Mfikirie muuzaji wa zamani mwenye pishi, nusu pishi, kibaba, nusu kibaba, robo kibaba. Vipimo hivyo vyote ni nusu ya kilichotangulia. Mwambie akupimie robo ya pishi, ni kibaba kimoja, hana taabu. Mwambie akupimie sehemu ya kumi ya pishi. Atajaza robo kibaba, ataongeza kipimo kidogo zaidi, kisha kidogo zaidi, atakaribia sana, lakini hatafika kamili milele. Senti kumi ni sehemu ya kumi ya shilingi. Umeona tatizo lilipo.

Kwa picha au muziki tofauti hiyo haina maana. Kwa pesa ina maana. Chukua kosa la nusu senti tu kwa kila malipo: malipo milioni moja yatakuwa yamepotosha shilingi 5,000, na mtu fulani ndiye aliyepunjwa. Njia moja ya kuliepuka ni kuhesabu kila kitu kwa senti nzima bila nukta. Njia nyingine ilifunguliwa na Facundo Batista, Muajentina, ambaye Oktoba 2003 alipeleka pendekezo la kuipa Python aina mpya ya namba inayohesabu kwa makumi, kama tunavyohesabu sisi kwa vidole. Lilijadiliwa, likapekuliwa, na mwishoni mwa 2004 likaingia katika toleo la 2.4. Hadi leo anayeandika programu ya pesa kwa Python ana namba hizo tayari mkononi.

Lipo pia suala la kukadiria. 2.5 ukiipeleka kwenye namba nzima iliyo karibu, shuleni tulifundishwa ni 3. Python tangu toleo la 3 inasema 2, na 3.5 inaipeleka 4. Inafuata namba shufwa. Sababu ni kwamba ukipandisha kila nusu, siku nzima mizani inaegemea upande mmoja. Fundi anayeandika programu ya malipo lazima ajue lugha yake inafuata kanuni ipi, na si wote huangalia.

Mwizi aliyetumia jina la mwenye nyumba

Sasa kisa ambacho kinakuhusu hata kama hujawahi kugusa kompyuta.

Jumapili, tarehe 28 Machi 2021, mabadiliko mapya yaliingizwa kwenye maandishi ya PHP. Maelezo yake yalisema ni kusahihisha kosa la tahajia, na jina lililoandikwa ni la Rasmus Lerdorf, mwanzilishi mwenyewe. Nani angemshuku? Lakini wapo watu wanaosoma kila kinachoingia, na mmoja wao akauliza mstari ule unafanya nini hasa. Walipouchambua wakaona si tahajia wala chochote. Ulikuwa mlango wa siri: tovuti yoyote ambayo ingetumia toleo hilo ingemruhusu ajuaye neno fulani kuiamrisha atakavyo.

Mabadiliko yakafutwa. Muda si mrefu yakarudishwa, safari hii kwa jina la Nikita Popov, yule yule aliyeyafuta. Yakafutwa tena. Yote haya yalitokea ndani ya saa chache, kabla toleo lolote la kutumiwa na watu halijatoka na mlango huo ndani yake. Si Lerdorf wala Popov aliyefanya. Mtu alikuwa amepata njia ya kuandika kwa majina yao. Baada ya hapo waundaji waliacha seva yao ya zamani, wakahamia GitHub, na anayetaka kuingiza mabadiliko akatakiwa kuwa na uthibitisho wa hatua mbili: nywila, na juu yake namba ya mara moja.

Angalia mbinu yenyewe. Jina linaloaminika, na maelezo ya jambo dogo lisiloshtua. Ndiyo mbinu ile ile ya anayekupigia simu saa mbili usiku akisema anatoka kwetu, kuna kosa dogo kwenye akaunti yako, mtaje namba iliyoingia kwenye simu tulisahihishe. Hata mwanzilishi wa PHP jina lake halikutosha, walitazama kinachofanyika. Anayekupigia akitaja jina letu, mwache na jina lake, tazama anachotaka. Akitaka PIN au namba ya mara moja, kata. Sisi hatuihitaji, na hatutaiomba hata siku moja.

Ukiona kasoro

Madevelopa wana adabu moja ya kuripoti ambayo ningependa sote tuiazime. Hawakubali "haifanyi kazi". Wanataka ulichofanya, ulichotegemea, ulichokipata, na toleo unalotumia, ili mwingine aweze kurudia hatua zako aone alichokiona. Na kama kasoro inaweza kutumiwa na mwizi, haitangazwi hadharani kwanza. Python na PHP zote zina njia ya faragha kwa ajili hiyo, na habari hutolewa dawa ikishapatikana. Kwa hivyo usipige picha ya skrini yenye jina na salio lako ukaibandika kwenye kundi la mtaa. Pitia huduma kwa wateja.

Ripoti ya mama anayeuza mahamri inaweza kuwa hivi:

"Leo asubuhi saa 7:10 mteja amenilipa 60 kwenye till. Yeye amepata ujumbe wa malipo mawili ya 60, mimi nimepata mmoja. Namba za miamala ni hizi mbili. Alibonyeza mara ya pili kwa sababu mtandao ulikwama. Programu nimeisasisha jana, simu ni Android."

Namba zote za kumwezesha fundi kuifuata pesa zimo humo. PIN haimo.