Bahari Tunayo, Waogeleaji Wako Wapi?

Mwezi Agosti 2008, mjini Beijing, binti wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 17, Ndugu Magdalena Moshi, alijitosa katika bwawa la Olimpiki kushindana mita 100 za mtindo huru. Hakurudi na medali. Hata hivyo hakukata tamaa. Alikwenda London 2012, kisha Rio de Janeiro 2016. Ni wachache mno katika historia ya michezo yetu waliopata kuiwakilisha nchi katika Olimpiki tatu mfululizo.

Tunalitaja jina hilo kwa makusudi. Katika vijiwe vya Buguruni na Kariakoo, hata mtoto wa darasa la kwanza huwataja washambuliaji wa Simba na Yanga bila kukosea, lakini jina la binti huyu ni nadra kusikika.

Wapo wanaodai kwamba kuogelea si mchezo wa Waafrika. Katika michezo hiyo hiyo ya Beijing, Kirsty Coventry wa Zimbabwe alitwaa medali nne, moja ya dhahabu. Mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Ni dhahiri basi kwamba kasoro haiko katika damu bali katika maandalizi.

Maandalizi yetu yakoje? Upo utaratibu unaoziruhusu nchi ambazo waogeleaji wao hawajafikia viwango kupeleka wawakilishi wachache. Nafasi hiyo ni heshima, lakini haiwezi kuwa mpango wa taifa. Katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, hatukuwa na mwogeleaji hata mmoja. Ndipo Paris 2024 wakajitokeza Ndugu Collins Saliboko na Ndugu Sophia Latiff kuunga uzi uliokatika.

Bwawa la Olimpiki lina urefu wa mita 50. Aliyezoea bwawa la mita 25 hujisukuma ukutani kila afikapo mwisho. Akiingia katika bwawa refu, msukumo huo hupungua na mikono huchoka mapema. Na hayo mabwawa mafupi nayo, mengi yamo katika hoteli, vilabu na shule za kulipia. Mtoto wa Buguruni kwa Mnyamani hukutana na maji mengi wakati wa masika, Bonde la Msimbazi linapofurika. Hayo si maji ya michezo.

Hapa ndipo suala hili linapovuka mipaka ya medali. Taifa halijasahau msiba wa MV Bukoba wa 1996, wala wa MV Nyerere wa Septemba 2018, uliochukua roho za watu zaidi ya 200. Hatusemi kwamba kuogelea kungewaokoa wote. Chombo kilichozidishiwa abiria ni kosa la wenye dhamana. Lakini watu waishio kando ya bahari, maziwa na mito hawana budi kujua kuogelea kama wanavyojua kusoma.

Wazazi wenye wasiwasi kuhusu mabinti zao tunawaelewa. Wakumbuke kwamba Khalifa Umar bin Khattab anasimuliwa kuwa aliusia watoto wafundishwe kuogelea. Huko Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa baharini wakiwa wamejisitiri barabara, na baadhi yao wakawa walimu wa wenzao.

Kwa hiyo tunashauri mambo mawili. Kwanza, Jiji litenge eneo na kujenga bwawa la umma ambalo mtoto wa Buguruni, Ilala au Kariakoo ataingia kwa kiingilio anachokimudu mzazi wake. Pili, wakati bwawa hilo likisubiriwa, shule zetu zipatiwe walimu wa kuogelea, wanaume na wanawake, na zitumie ufukwe tuliojaliwa, chini ya ulinzi wa waokoaji.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Tukianza na watoto wa leo, Magdalena wa kesho atatoka Buguruni. Na hata asipofika Olimpiki, atafika ng'ambo ya mto akiwa hai.